Kompyuta Arobaini na Nane na Shangazi Asiye na Simu

4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na yule paka wako mwizi bado yuko hai. Sisi hatujambo. Mama ameshona mapazia mapya ya sebuleni, maua makubwa hivyo, mpaka mgeni anaogopa kukaa karibu nayo. Baba yuko na mbao zake. Anakusalimu sana.

Haya, sasa kaa chini. Nimepata kazi! Chuo cha wauguzi kimenichukua kwa miezi mitatu ya majaribio, nikiandae chumba cha kompyuta. Kuanzia mwaka huu mtihani wao wa mwisho unafanywa kwenye kompyuta, tarehe 6 Aprili. Chumba kikiwa tayari, wanafunzi wote mia na ishirini watafanyia hapa hapa, kwa makundi matatu. Kisipokuwa tayari, mtihani unahamishiwa mji mwingine, safari ya siku nzima. Kumi na moja kati yao wananyonyesha. Mmoja ana mimba kubwa, anapanda ngazi za chuo huku akizihesabu kwa sauti.

Mkuu wa chuo, ambaye wanafunzi wanamwita Mama Saa kwa sababu haongei bila kutazama mkono wake, aliniuliza, "Je, utaweza..." Kabla hajamaliza nikasema, "Siku mbili tu, mama." Siku mbili! Sikuwa hata nimezitoa kwenye maboksi. Baba alikuwepo, maana ndiye anayetengeneza meza ndefu za chumba hicho, akanitazama juu ya miwani yake.

Kompyuta ni arobaini na nane, zote tupu, na ni za namna tatu. Ishirini ni za zamani, nzito kama mawe ya kusagia. Kumi na sita ni mpya. Kumi na mbili ni vidude vidogo, kimoja kinatosha kwenye kiganja, na ubongo wake ni wa ukoo mwingine kabisa, kama ule wa simu za mkononi. Kwenye kona nimeweka kompyuta kubwa, seva. Kompyuta tupu ikiwashwa, inapiga kelele kwenye waya: "Jamani, mimi nani, na nifanye nini?" Seva inaijibu: "Wewe ni namba fulani, chukua faili hili uanzie hapo." Ikiamka kwa faili hilo, mfumo mzima unashuka wenyewe na kujipanga. Ningeweza kuzijaza moja moja kwa flashi, ila bodi ya mitihani inataka zifutwe na kupangwa upya baada ya kila kundi. Kwa mkono nitamaliza wajukuu wa hawa wanafunzi wakiwa wauguzi.

Sasa sikia balaa. Zile za zamani zimekubali zote. Mpya zinachukua faili, zinafikiri kidogo, kisha skrini inabaki nyeusi. Vidogo hata pole havisemi. Nimebadilisha nyaya, nimebadilisha swichi, nimebadilisha mpaka kiti ninachokalia.

Najua hujawahi kugusa kompyuta, lakini miaka thelathini na moja uliunganisha simu za watu. Nipe japo neno la kunituliza. Ningekupigia, ila wewe na msimamo wako wa kukataa simu, shauri yako.

Kiherehere wako


17 Februari

Kiherehere,

Marahaba, marahaba sana. Goti linauma upande mmoja tu, huo mwingine umeamua kuniheshimu. Mwambie mama yako asihangaike na maua, mapazia yakifuliwa mara tatu yatatulia. Na hongera, mwanangu! Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni, mpaka jirani yangu mshona viatu akaja na nyundo mkononi kuuliza kuna nini.

Kuhusu simu: masikio yangu yalifanya kazi miaka thelathini na moja, na yenyewe yamestaafu. Mwenye shida aandike.

Sasa nisikilize. Umeniandikia kurasa tatu ukanieleza seva inasema nini. Hukunieleza kompyuta inasema nini. Inapiga kelele, sawa. Kelele gani?

Pale simu, mgeni wa kazi alijulikana kwa jambo moja: taa ikiwaka tu, anachomeka waya. Siku yangu ya tatu nilimuunganisha daktari wa mifugo na bibi harusi aliyekuwa anamtafuta mshonaji wake. Wakaongea dakika nzima juu ya vipimo vya kiuno. Msimamizi wetu alinifunga mikono kwa mtandio wake, nusu siku, nikae kwenye kiti changu nisikilize tu. Ndipo nilipogundua kuwa mpigaji anajitambulisha mapema kabisa, ndani ya maneno matatu ya kwanza. Ukiwahi kujibu, yanakupita.

Hizo kompyuta zako za namna tatu, zinasema maneno yale yale? Au wewe na seva yako mnajibu kabla hazijamaliza? Usishangae. Ugonjwa huo uko kwenye damu yetu.

Nimeziona salamu za baba yako.

Shangazi


1 Machi

Shangazi yangu, mganga wangu,

Shikamoo! Sisi wazima. Mama amefua mapazia mara moja na tayari ua moja limeanza kupauka, anakushukuru. Meza za baba zimekaa vizuri, huoni hata msumari. Anakusalimu sana, anasema anakukumbuka.

Nimeifunga seva mikono! Nimeiambia isijibu chochote, nikakaa nasikiliza yanayopita kwenye waya na kuyaandika kwenye daftari. Shangazi, ilikuwemo siku zote. Kwenye kelele ile ya kwanza kabisa kila kompyuta inataja namba ya aina yake. Za zamani zinasema sifuri. Mpya zinasema saba. Vidogo vinasema kumi na moja. Na mimi nilikuwa nimeiamuru seva imgawie kila mtu faili moja, lile la wazee, bila kuuliza. Nilijisikia aibu, nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza.

Nimeipanga upya: anayesema sifuri apewe lake, anayesema saba lake, anayesema kumi na moja lake, pamoja na mfumo mzima wa lugha ya ukoo wake. Siku hiyo zote arobaini na nane ziliwaka. Nilicheza katikati ya chumba, msafishaji akacheza na mimi na ufagio wake.

Furaha ilidumu mpaka kesho yake. Asubuhi nikazifuta, nikaziwasha tena kwa kujaribu, tisa zikagoma. Siku iliyofuata kumi na nne, na wala si zile zile! Iliyogoma jana leo inakubali, iliyokubali jana leo inasema imepewa namba lakini hakuna aliyeiambia faili lolote. Nimepekua kila kitu. Maji yamenifika shingoni.

Mama Saa ameshaandika barua ya kuomba mtihani uhamishwe. Haijapostiwa, iko mezani kwake chini ya kizibo cha chupa, lakini amesema tarehe 31 Machi mambo yakiwa bado, inaondoka. Jana yule mwenye mimba alinisimamisha kwenye ngazi akaniuliza, "Dada, nianze kufunga mizigo?" Shangazi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikujibu haraka. Sikujibu kabisa.

Nijibu upesi, tafadhali.

Kiherehere wako


15 Machi

Kiherehere wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe 6. Umesema nijibu upesi nami nimekaa nayo siku tisa, na sababu utaiona ukisoma mpaka mwisho. Mvua imeingia jikoni. Nimetega sufuria tatu sakafuni na paka anakunywa zote kwa zamu. Mlango wa jikoni umevimba, unasugua sakafu, nausukuma kwa bega. Vinginevyo nakula, nalala, sina neno.

Ulivyoifunga seva mikono nilicheka mpaka machozi. Sasa umekuwa mwenzetu.

Hili la pili nalijua. Kompyuta mbovu ingekuwa mbovu kila siku. Kosa likihamahama, ujue huko kwenye waya kuna mwingine anajibu. Pale simu lilitupata: wateja wanalalamika kwamba wakipiga wanaambiwa "hayupo," na sisi hatujamwambia mtu kitu. Siku nne tulitazamana kwa jicho la pembeni. Kumbe laini ile ilikuwa na mkono wa pili wa simu kwenye chumba cha mlinzi, na mlinzi wa watu, mwenye roho nzuri kabisa, akiiwahi anasema "hayupo" ili sisi tusisumbuliwe. Alikuwa anatusaidia! Wanasema fahali wawili hawakai zizi moja. Wajibuji wawili nao hawakai laini moja, maana anayewahi ndiye anayesikilizwa, hata kama hajui lolote. Mtafute mlinzi wako. Usimtafute ndani ya kompyuta. Fuata nyaya kwa mkono, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wake, hata ukilazimika kupita nyuma ya kabati la watu.

Sasa lile lililonikalisha siku tisa. Acha kuniletea salamu za baba yako. Namjua. Tangu azaliwe hajawahi kusema "namkumbuka" mtu yeyote, hata mbuzi wake aliyeibiwa. Unazitunga wewe, kwa nia njema, najua.

Siku niliyostaafu walinikabidhi faili langu kama ukumbusho. Nikaenda kulisoma kwenye benchi la nje, kipande cha keki bado mkononi. Ndani nikakuta nakala ya barua ya makao makuu, ya miaka kumi na mitatu nyuma. Walitaka niende kuwa msimamizi wa chumba cha simu za nje, wafanyakazi arobaini chini yangu. Sikuwahi kuiona barua hiyo. Sanduku la posta lilikuwa la baba yako. Na nyuma yake limebanwa jibu, kwa mwandiko wake ule ulioegemea kama uzio mbovu: "Dada yangu hawezi kuja, anamuuguza mama."

Ni kweli nilikuwa namuuguza mama. Huenda hata mimi ningejibu hivyo hivyo, neno kwa neno. Lakini sikuulizwa. Ndiyo sababu mwaka wa sita huu sijakanyaga kwenu. Sikumwambia kwa nini, nilitaka ajue mwenyewe, na nadhani hajui. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, na sikuambii ili umpelekee.

Malizia chumba chako. Yule mwenye mimba mwambie asifunge mizigo bado.

Shangazi


28 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nina mambo matatu: moja zuri, moja la kuomba radhi, na moja sijui ni la namna gani. Wote wazima.

Barua yako ilifika chuoni tarehe 23, asubuhi. Nilisoma mpaka "nyuma ya kabati la watu," nikaruka. Ndiyo, Shangazi. Niliishia hapo, ukurasa wa kwanza. Ungeniona nilivyokimbia! Nilifuata nyaya kutoka chumba cha kompyuta, ukutani, koridoni, mpaka ofisi ya katibu muhtasi, na waya mmoja ukaingia nyuma ya kabati lake la majalada. Kabati lenyewe halisogei. Nikamwita baba, alikuwa anapiga msasa meza ya mwisho. Akaja na penseli sikioni, tukalisukuma, nikapata upenyo wa kuingia.

"Nani kakuambia kuna mwingine anajibu?" akauliza.

"Shangazi," nikasema.

"Shangazi yako anajuaje kompyuta?"

Nikamtupia barua. "Soma mwenyewe!" Nikajipenyeza nyuma ya kabati kwa tumbo.

Mlinzi nikamkuta pale. Kisanduku cheupe chenye taa moja ya kijani. Katibu muhtasi alikileta kutoka kwake mwishoni mwa Februari ili intaneti imfikie kwenye kona yake, na kilikuwa kinamgawia namba kila anayepiga kelele kwenye waya, mbio kuliko seva yangu, bila kujua kitu chochote kuhusu mafaili. Aliyewahiwa nacho anabaki na namba mkononi na hajui pa kwenda. Na kilikuwa kinazimwa katibu akiondoka na kuwashwa akifika, ndiyo maana siku ile ya kwanza, alipokuwa na ruhusa, zote ziliwaka. Maskini, nusura alie. "Nilidhani nawapunguzia mzigo," akasema.

Nilitoka na vumbi mpaka kwenye kope, napiga kelele, "Baba, nimempata!" Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha katibu, ameshika ukurasa wa pili. Nilidhani anaumwa. Aliikunja barua taratibu akaniuliza, "Umeisoma yote?"

"Bado."

"Basi isome. Na unisamehe, nimekutangulia."

Niliisoma pale pale nimesimama. Shangazi, umeniambia nisimpelekee, nami nimempa kwa mkono wangu kabla sijajua kilichomo. Naomba radhi. Sikukusudia, ila najua "sikukusudia" ndiyo wimbo wa ukoo huu. Na salamu zile, kweli, nilizitunga zote. Nisamehe na hilo.

Lile zuri: nimezifuta na kuziwasha mara sita kwa siku nne, asubuhi na mchana, kisanduku kikiwa kimezimwa. Arobaini na nane, kila mara. Leo Mama Saa alisimama mlangoni na saa yake. Skrini zikajaa moja baada ya nyingine, mstari wa wazee, mstari wa wapya, mstari wa vile vidogo. "Dakika ishirini na tisa," akasema, akaenda ofisini kwake akaichana ile barua. Yule mwenye mimba yuko mbele yangu sasa hivi, anajaribu kiti kipi kinamtosha.

Lile la tatu: baba amerudia kupiga msasa meza iliyokwisha kupigwa msasa. Jana alimwomba mama karatasi, akaandika, akachana, akaomba nyingine. Sijui anaandika nini na sijamuuliza. Hajakutumia salamu kwenye barua hii, nami simtungii.

Kiherehere wako


8 Aprili

Dada,

Shikamoo. Unajua mimi si mtu wa barua. Hii ni karatasi ya saba.

Nianze na ya watoto. Mtihani umekwisha, makundi yote matatu, na hakuna kompyuta hata moja iliyogoma. Yule mwenye mimba alimaliza mtihani na kundi la kwanza, akasalimia watu, akaenda kujifungua mtoto wa kike siku hiyo hiyo. Binti yetu amepewa kazi ya kudumu. Mkuu wa chuo alimuuliza kama anaitaka, naye akanyamaza muda mrefu hivi, mpaka yule mama akatazama saa. Kisha akasema ndiyo. Alipotoka nikamuuliza alikuwa anafikiri nini. Akasema, "Nilikuwa namsubiri amalize."

Dada, miaka sita nilidhani umenikasirikia kwa sababu nilichelewa sherehe yako ya kustaafu. Nilikutengenezea hata kiti cha kuomba radhi. Kipo karakana chini ya gunia, sikuwa na uso wa kukileta. Kumbe ni ile barua. Nilikuwa nimeisahau, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Niliijibu dakika ile ile, nimesimama posta, kwa kalamu ya kaunta iliyofungwa kamba. Nilijiambia nakupunguzia mzigo wa kukataa. Uongo. Niliogopa. Mama alikuwa anakuita wewe, mimi hakuniita, na nilijua ukiondoka nitabaki naye nisijue nifanye nini. Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Nimekukosea, dada yangu. Nakuomba msamaha.

Nina swali moja. Nimeacha nusu ya karatasi wazi hapa chini ili ulijibu wewe mwenyewe, na nimeweka bahasha yenye stempu.

Naweza kuja?

Mdogo wako


(Kwenye nusu iliyobaki ya karatasi ile ile, kwa wino mwingine:)

16 Aprili

Marahaba.

Swali lako limenifika tarehe 13. Jibu nilikuwa nalo tangu nilipofungua bahasha. Nimekaa nalo siku tatu kwa sababu nilikuwa naona raha kuulizwa.

Njoo. Leta kiti. Leta na randa, mlango wa jikoni bado unasugua sakafu. Ukifika ugonge, kisha usubiri. Goti hili ni la polepole, lakini mlango nitaufungua mwenyewe.